«Los preso», «el víctima», «hemos liberadas»: maneno ya kifungo katika Kihispania yanapokataa kupatana

Anayewatembeza wageni wa Kihispania mjini Lamu hakwepi maneno ya kifungo. Matembezi huanzia ngomeni, na ngome ile, iliyoanza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, ilikuwa jela mpaka 1984. Mgeni hajafika katikati ya ua ameshauliza: wafungwa walilala wapi, walitiwa minyororo, walikuwa wangapi katika chumba kimoja? Upande wa Malindi na Watamu maswali hugeuka kidogo. Huko watu huulizia kasa walionaswa nyavuni na nyoka walio vizimbani, lakini msamiati ni ule ule: kufungwa, kushikwa, kuachiliwa.

Mimi hufundisha Kihispania jioni. Wanafunzi wangu wengi ni waongozaji wa watalii na mabaharia wa mashua za Shela, pamoja na vijana wawili watatu wa Malindi walioanza na Kiitaliano. Makosa wanayoniletea yanarudi kila msimu kama kusi na kaskazi. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu ya kawaida ikitangulia na ya nadra ikifuata.

Jambo moja tulishike mapema. Mswahili hana shida ya upatanisho. Mtu anayesema «minyororo yake miwili mizito imekatika» huku akila mkate wa mofa ameshapatanisha maneno manne na nomino moja, na Mhispania mwenyewe akijaribu atatoka jasho. Shida ni mahali sikio lilipozoea kukaa. Sisi tunasikiliza kichwa cha neno: mfungwa, wafungwa. Kihispania hubadilika mkiani: preso, presa, presos, presas. Makosa mengi yaliyomo humu yanatoka hapo.

Basi kabla hujatafuta ugonjwa mkubwa, kagua vitu vitatu. Je, neno ulilijifunza pamoja na el au la yake (vineno vinavyotangulia nomino: el ya kiume, la ya kike, wingi los na las), au ulilibeba peke yake kama mkungu usio na kamba? Umelitamka mpaka herufi ya mwisho? Na kivumishi ulichotumia, kinasifu nomino ipi hasa? Mara nyingi tatizo huishia hapa na huna haja ya kuendelea.

Dalili ya 1: Kineno cha mbele kimebadilika, mengine yamelala

Mfano: «los preso», «las celda oscura», «los prisioneri».

Sababu inayoongoza ni sikio la kichwani. Mwanafunzi akishasema los anahisi wingi umetajwa, umekwisha, kama vile wa- ya «wafungwa» inavyotosha kumjulisha msikilizaji. Anapumzika, na mkia wa neno unabaki umoja. Dawa yake ni kujifunza kwa kurudi nyuma. Anza na neno la mwisho, kisha ongeza la kabla yake: oscuras; celdas oscuras; las celdas oscuras. Ukifanya hivyo kwa juma moja, ulimi unazoea kufika mwisho wa safari. Kipimo rahisi ni kuhesabu mlio wa s ya mwisho wa kila neno. «Las celdas oscuras y húmedas», vyumba vya jela vyenye giza na unyevu: nyoka lazima alie mara nne. Akilia mara tatu, kuna neno umeliacha nyuma.

Sababu ya pili ni ya Malindi. Kijana aliyekulia baina ya hoteli za Waitaliano ana i prigionieri (wafungwa) na le catene (minyororo) kichwani, kwa hiyo wingi wake huisha kwa i au e: «los prisioneri», «las cadene». Kihispania hakina wingi wa namna hiyo hata kimoja. Wingi ni s, kwisha: los prisioneros, las cadenas. Huyo huyo atasema «el cárcel», gereza, kwa sababu carcere katika umoja wa Kiitaliano ni ya kiume. Kwa Kihispania ni la cárcel, ya kike. Mwanafunzi wa Malindi huenda mbio kuliko wa Lamu mwezi wa kwanza, kisha hukwama mwezi wa tatu, na sababu ni hii: maneno yamefanana mno asione haja ya kuyatazama tena.

Sababu ya tatu ni nadra lakini ipo. Wahispania wa kusini, Andalusia, na wale wa Visiwa vya Canary huimeza s ya mwisho au huigeuza pumzi, basi aliyejifunza kwa kukaa nao baharini anasikia «lo preso» na kuirudia hivyo. Wao wanajua walichokimeza. Wewe tamka zote kwanza, uje umeze baadaye.

Dalili ya 2: «El víctima», «la persona secuestrado»

Hapa sababu kubwa ni moja, nayo ni ngeli ya A-WA.

Kiswahili kina heshima kwa chenye uhai. Kiboko ana ki- mbele, lakini tunasema kiboko yule amelala. Kipofu ana ki-, lakini kipofu huyu amefika. Uhai unalishinda umbo la neno. Mateka nalo ukilitazama tu ungedhani ni kundi moja na mafuta na maji, kumbe ni mateka huyu, mateka hawa. Mswahili basi akikutana na víctima, mwathirika, na aliyedhurika ni mwanamume mwenye ndevu zake, moyo haumpi kusema la. Anasema el víctima, na mwisho wa sentensi anaweka liberado.

Kihispania hapa hakiangalii ndevu. Víctima ni neno la kike, na kila kinacholisifu kinafuata hivyo: «La víctima, un pescador, fue liberada.» Mvuvi ni mwanamume, un pescador, lakini aliyeachiliwa kisarufi ni la víctima, kwa hiyo liberada. Persona ni vivyo hivyo. «Las personas secuestradas», watu waliotekwa, wanaweza kuwa wanaume watupu kumi na wawili.

Wanyama wengi nao wana jinsia moja ya neno kwa madume na majike. Kasa ni la tortuga hata akiwa dume: la tortuga macho, na wingi las tortugas macho, macho ikibaki kama ilivyo. «La tortuga macho quedó atrapada en la red», kasa dume alinaswa wavuni. Atrapada inamfuata tortuga. Nimeona mwongozaji mzoefu akisita hapo, mkono hewani, wageni wakimsubiri.

Ukishalielewa hili, jihadhari na kosa la upande wa pili, la kudhani kila neno la watu ni gumu kama víctima. Guardia, policía na rehén yanamfuata mtu: el guardia armado, askari mwanamume mwenye silaha, la guardia armada, askari mwanamke. (La guardia pia ni zamu ya ulinzi au kikosi kizima, lakini muktadha hukuonyesha.) Maneno yasiyojali mtu ni machache. Yakariri hayo, yaliyobaki yatajipanga.

Na kwa kuwa nimelitaja rehén, nisimame kidogo. Hili ndilo neno nilipendalo kuliko yote katika somo hili. Maana yake ni mateka anayeshikwa ili kitu kitolewe badala yake, na Kihispania kililitoa katika Kiarabu, shina lile lile lililotupa sisi rehani. Rehén ni mtu aliyewekwa rehani, kama bangili ya dhahabu kwa sonara. Mwanafunzi mmoja nahodha nilipomwambia hivi alicheka, akasema, «Maalim, basi mashua yangu ni rehén tangu Ramadhani.» Hakulisahau tena. Angalizo moja tu: h ya Kihispania haitamkwi. Wewe unaandika rehén, mdomoni ni «re-EN», na ukitia h ya rehani Mhispania atakukodolea macho.

Dalili ya 3: Neno haliishi kwa o wala a, nawe unabahatisha

Mfano: «el prisión», «el libertad», «la grillete».

Sababu ya kwanza ni kulijifunza neno bila kineno chake. Hii haina dawa ya mkato isipokuwa kurudi kuliandika upya daftarini. Sababu ya pili ni kutojua kwamba miisho mingine ina kanuni yake. Maneno ya -ción na -sión ni ya kike: la detención (kukamatwa), la prisión (gereza). Ya -dad, -tad na -tud ni ya kike pia: la cautividad (utekani), la libertad (uhuru), la esclavitud (utumwa). Hayo peke yake yanabeba sehemu nzito ya msamiati wetu. Cautiverio, ambalo maana yake ni hiyo hiyo ya hali ya kuwa kifungoni au utekani, lina o, ni la kiume: el cautiverio. Mnyama aliyezaliwa kizimbani ni nacido en cautiverio akiwa wa kiume, nacida en cautiverio akiwa wa kike. Cautiverio halina habari.

Maneno ya -e hayana kanuni ya kutegemewa: el rescate (kikomboleo), el grillete (pingu ya mguuni), lakini la llave (ufunguo). Na la red, wavu, wingi las redes.

Ushauri wangu ambao siuoni kwenye vitabu vingi: usikariri neno na el au la peke yake, likariri na kivumishi kinachoonyesha jinsia. «La cárcel grande» haikufundishi kitu, maana grande ni ile ile kwa wote. Sema la cárcel vieja, el grillete oxidado, la llave perdida. Gereza kuukuu, pingu yenye kutu, ufunguo uliopotea. Mkia wa kivumishi ndio utakaokukumbusha jinsia siku ukiisahau.

Wingi wa maneno yaishayo kwa konsonanti ni -es, na hapo watu hulia na ile alama ya mkazo: prisión lakini prisiones, rehén lakini rehenes, mbona cárcel na cárceles zote zinayo? Mswahili hapa ana bahati. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la Kihispania linaloishia vokali, n au s hutegemewa kufanya vivyo hivyo, na likikataa, huandikiwa alama. Prisión inakataa, mkazo uko mwisho, basi inapigwa alama. Prisiones imerudi kwetu, pri-SIO-nes, haihitaji. Cárceles mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho, inahitaji. Cárcel yenyewe inaishia l, na maneno ya namna hiyo hutegemewa kubeba mkazo mwishoni. Haikufanya hivyo, ikapigwa alama. Juez, hakimu, wingi wake jueces, z ikigeuka c.

Moja la kushtua: el agua (maji), el alma (roho). Ni ya kike, yamepewa el kwa sababu tu a yao ya mwanzo ina mkazo na la ingegongana nayo. Kivumishi hakidanganyiki: el alma cautiva, wingi las almas cautivas.

Dalili ya 4: Kivumishi kimepatana, lakini na nomino ya jirani

«El fuerte fue usada como prisión.» Hili nalisikia ngomeni kila mara. Sababu: prisión iko karibu na mdomo, ya kike, ikaivuta usada. Kilichotumika lakini ni ngome, el fuerte, ya kiume: «El fuerte fue usado como prisión hasta 1984.» Jiulize kwa Kiswahili na jibu litajitokeza. Ngome ilitumika kama gereza. Hakuna mtu wa pwani atakayesema ngome lilitumika.

Sababu ya pili ni mpangilio. Wahispania hupenda kutanguliza kitenzi, nomino ikija nyuma: «En 1907 fue abolida la esclavitud en la costa de Kenia», mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa pwani ya Kenya. Mwanafunzi anafika kwenye abolida kabla hajaitaja esclavitud, basi anaweka o kama akiba na kusonga mbele. Kama huwezi kuiona nomino mapema, usianze na kitenzi. Sema «La esclavitud fue abolida», inatosha, na hakuna atakayekushtaki kwa kukosa ufasaha.

Dalili ya 5: «Hemos liberadas dos tortugas»

Baada ya majuma ya kupatanisha kila kitu, mwanafunzi anafika mahali pasipotaka upatanisho, na hakuna aliyemwambia.

Kitenzi kisaidizi kikiwa haber (he, ha, hemos, han), umbo linalofuata halibadiliki kamwe: «Hemos liberado dos tortugas», tumeachilia kasa wawili. Wawe wawili, wawe mia, liberado. Kisaidizi kikiwa ser au estar (vyote viwili ni «kuwa»), umbo linapatana: «Dos tortugas fueron liberadas.» «Las tortugas están encerradas.» Vikikutana vyote viwili ndipo kazi: «Las tortugas han sido liberadas.» Sido imeshikwa na han, haitikisiki. Liberadas imeshikwa na sido, inapatana. Kagua neno lililo mara moja kabla ya umbo lako. Ni haber? Acha o. Ni ser au estar? Tazama nomino.

Kwa waliopita Kiitaliano kosa hili huchelewa kupona, kwa sababu Kiitaliano hukubali le abbiamo liberate, umbo likipatana na kitendwa kilichotangulia.

Kuna dalili ndogo inayotembea pamoja na hii. «Liberaron los presos» inamfanya msikilizaji asimame: wafungwa waliachiliwa, au wafungwa ndio walioachilia kitu? Anayetendwa akiwa mtu maalumu, Kihispania hutia a: «Liberaron a los presos.» Ikikutana na el inakuwa al: «El guardia liberó al preso.» Usihangaike kutafuta kanuni. Kiswahili kinakudai kitu kile kile: waliwaachilia wafungwa, si waliachilia wafungwa. Unapoweka -wa- au -m- kwa ajili ya mtu, kule weka a.

Dalili ya 6: Sarufi sawa, wageni wanacheka

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutembeza watu, niliinua pingu za maonyesho mbele ya kikundi na kusema kwa kujiamini, «Estas son mis esposas.» Bibi mmoja wa makamo akaniuliza taratibu, «¿Las dos?» Wote wawili? Esposas ni pingu za mikononi, na ni wake waliooana nawe vilevile. Tangu siku hiyo nasema las esposas de hierro, pingu za chuma, au nakwepa kabisa na kusema mtu va esposado, amefungwa pingu. «Las esposas del preso» iache, haina namna ya kuiokoa.

Presa ina mitego mitatu. Ni mfungwa wa kike, ni windo la mnyama, na ni bwawa la maji. Katika sentensi ya wafungwa itaeleweka, ila ukitaka usalama sema una mujer presa au una reclusa. Grillos ni pingu za miguuni za zamani, na pia ni nyenje. Kwa hiyo tumia grilletes. Rescate ni kikomboleo na ni uokozi, kwa hiyo «pagaron el rescate» ni fidia iliyolipwa, na «el rescate de la tortuga» ni kuokolewa kwake, kasa hakulipiwa.

Halafu r mbili. Encerrado ni aliyefungiwa ndani. Encerado, kwa r moja, ni kilichopakwa nta. Ukiregeza ulimi, mfungwa wako anang'aa kama sakafu ya hoteli. Njia niitumiayo darasani ni kusema karrrata mpaka paka wa jirani aondoke, kisha kurudi kwenye encerrado. Upande mwingine wa matamshi pwani tumebarikiwa: z ya Hispania ni th yetu ya thelathini, na j ya jaula, kizimba, iko jirani sana na kh ya kheri kama wazee wanavyoitamka. Watu wa bara huipata kwa tabu zaidi.

Maneno ya Kiarabu nayo yanatega. Alcalde na alcaide yametofautiana kwa herufi moja. Alcalde ni meya, na asili yake ni kadhi, yule yule ambaye Lamu inaye mpaka leo ingawa kazi imebadilika njiani. Alcaide, kutoka neno la Kiarabu la kiongozi wa askari, alikuwa msimamizi wa ngome na baadaye mkuu wa gereza. Ukisema el alcalde de la cárcel umempeleka meya jela. Mazmorra, nalo la Kiarabu, ni shimo la wafungwa chini ya ardhi. Usiliite hivyo kila chumba chenye giza, sema celda. Na gereza letu, ambalo wataalamu wa maneno hulirudisha kwenye igreja ya Kireno, lisikupoteze: iglesia kwa Kihispania ni kanisa, basi. Wale wa Malindi mnaowapeleka wageni kwenye kanisa dogo la Wareno, semeni capilla.

Dalili ya 7: Unataja mtu sahihi kwa neno la mtu mwingine

Kiswahili kina mfungwa, mahabusu, mateka, mtumwa, na hatuyachanganyi. Tukivuka kwenda Kihispania yote yanakuwa «prisionero». Sababu ni kamusi ndogo zinazotoa neno moja kwa mengi.

Mfungwa wa jela ni preso au recluso. Mahabusu, ambaye kesi yake haijakwisha, ni detenido akiwa mikononi mwa polisi, na preso preventivo akiwa ameamriwa na mahakama kukaa ndani. Mateka wa vita ni prisionero de guerra. Mateka wa kutaka fidia ni rehén. Cautivo linachukua wote kwa upana, lina harufu ya historia, na linawafaa wanyama. Isipokuwa rehén ambalo hubadilika kwa wingi tu, yote yana sura nne: detenido, detenida, detenidos, detenidas. Kundi lenye wanawake tisa na mwanamume mmoja huwa los detenidos. Wanafunzi wangu wa kike hawalipendi hilo na siwalaumu.

Hali ya kifungo huchukua estar: está preso, están encerradas. Libre ina mwendo wake. Soy libre, mimi ni mtu huru. Estoy libre, nina nafasi sasa hivi, ndiyo maana mgeni huuliza kama mashua está libre. Wingi wake libres kwa wote, wanaume na wanawake.

Kuhusu utumwa, esclavo ni neno sahihi na lina sura nne. Wageni wengi siku hizi husema personas esclavizadas, watu waliotiwa utumwani. Ukiliiga, kumbuka Dalili ya 2: persona ni ya kike mpaka mwisho wa sentensi. Mada hii lakini usiijaribie sentensi mpya mbele ya watu. Andaa nyumbani, mpe aliyezaliwa na lugha hiyo aisome, ndipo uitumie.

Mahali pa kuacha na kuita mwenye kazi

Kibao au kijitabu. Kosa la mdomoni linapita na upepo, la rangi linakaa ukutani. Nimeona kibao, si lazima niseme wapi, kilichoandikwa «los prisionero estaban encadenado», na kila mwaka kinapakwa varnishi. Maandishi ya umma yapitiwe na mfasiri wa kulipwa. Kwa shaka ya neno moja, kamusi ya Real Academia Española iko mtandaoni bure, na kando ya kila nomino kuna m. au f.; hiyo f. ndiyo la yako.

Mgeni aliyekamatwa kweli. Hili ni zito. Mara nyingi polisi wakimshika Mhispania, mtu wa kwanza kuitwa ni kijana wa ufukweni anayejua Kihispania. Usiende kutafsiri maelezo yake, hata afisa akikuomba kwa upole na mgeni akulilie. Uliyesoma humu unajua sasa jinsi detenido inavyotofautiana na preso, na jinsi a moja inavyombadilisha mtendaji kuwa mtendwa. Kwenye karatasi ya polisi tofauti hiyo ni maisha ya mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kibalozi wa 1963, Ibara ya 36, unamruhusu kuomba ubalozi wake ujulishwe, na Hispania ina ubalozi Nairobi. Unachoweza kumwambia ni sentensi mbili: «Usted tiene derecho a un intérprete» na «Pida que avisen a su embajada.» Una haki ya mkalimani, omba ubalozi wako ujulishwe. Akiwa mwanamume au mwanamke, sentensi hizo hazibadiliki herufi hata moja. Kisha mwachie mkalimani kiti.

Hivyo hivyo kwa mtu aliyetoka utekani, awe baharia au mtalii. Msaidie kupata maji, simu na daktari. Maswali ya yaliyompata si yako kuyauliza kwa Kihispania cha jioni.